Mabomu sita yaliyovunjwa kimyakimya: kisa cha Afrika Kusini, 1974–1993

Kuhusu kisa hiki

Afrika Kusini ndiyo nchi pekee duniani iliyojitengenezea mabomu ya nyuklia, ikayaweka ghalani, kisha ikayavunja yenyewe mpaka la mwisho. Ukraine, Belarus na Kazakhstan nazo ziliachana na silaha hizo, lakini zile zilikuwa mali ya Urusi ya Kisovieti, zikabaki kwenye ardhi yao dola hiyo ilipovunjika mwaka 1991. Libya iliacha mradi wake kabla haujazaa bomu. Kwa hiyo anayetaka kujua silaha za maangamizi humsaidia nini hasa mwenye nazo, na huachwa namna gani, ana kisa kimoja tu kilichotimia, nacho kimetokea barani kwetu.

Wahandisi, wanasayansi, walinzi na maafisa waliohusika sikuwataja majina, hata wale ambao magazeti yalishawaanika. Wanaotajwa ni wakuu wa nchi peke yao, kwa mambo waliyoyasema au kuyatenda hadharani.

Usuli

Mambo yalianza kwa heshima zote. Katika mpango wake wa kueneza matumizi ya amani ya atomu, Marekani iliipatia Afrika Kusini kinu cha utafiti, SAFARI-1, kikawashwa Pelindaba karibu na Pretoria mwaka 1965. Urani yenyewe, madini yanayotoa nguvu ya nyuklia, haikuwa shida, kwani migodi ya dhahabu ya Witwatersrand huitoa pamoja na dhahabu. Mwaka 1970 Waziri Mkuu John Vorster alilitangazia Bunge kwamba wanasayansi wa nchi wamepata njia yao wenyewe ya kurutubisha urani, yaani kuiongezea makali mpaka ifae kwa kinu au kwa bomu. Kiwanda kikajengwa Valindaba, pua na mdomo na Pelindaba.

Mwaka uliofuata serikali iliruhusu utafiti wa kile kilichoitwa milipuko ya amani: kutumia nguvu ya nyuklia kupasua miamba na kurahisisha uchimbaji wa madini. Siku hizo halikuwa wazo la kuchekwa, maana Marekani na Urusi zote zilikuwa zikilijaribu. Ila ukishajua kupasua mlima, umejua kupasua mji.

Kilichougeuza utafiti huo kuwa mradi wa bomu kilitokea mbali, Lisbon. Aprili 1974 wanajeshi wa Ureno waliipindua serikali yao, na kufikia mwisho wa mwaka uliofuata Msumbiji na Angola zilikuwa huru. Makoloni ambayo Pretoria ilizoea kuyaona kama ukuta wa kujikinga yakawa nchi za wapigania uhuru. Wanajeshi wa Cuba wakatua Angola kuanzia mwishoni mwa 1975. Juni 1976 Soweto ikawaka. Dar es Salaam, kwa upande wake, ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU tangu 1963, na vijana waliokimbia baada ya Soweto wakaanza kufika Tanzania, ambako ANC ilipewa ardhi Mazimbu, Morogoro. Kwa macho ya makaburu, mduara ulikuwa unakaza.

Mwaka 1974 Vorster aliidhinisha kutengenezwa kwa kilipuzi cha nyuklia na kutafutwa mahali pa kukijaribia.

Agosti 1977: shimo lisilo na bomu

Mahali palipochaguliwa ni Vastrap, kwenye jangwa la Kalahari upande wa Upington. Mashimo mawili yalichimbwa wima ardhini, moja likiwa na kina cha zaidi ya mita 380 na la pili zaidi ya mita 200.

Mwanzoni mwa Agosti 1977 setilaiti ya Kisovieti iliyaona maandalizi hayo. Moscow ikaijulisha Washington, na Wamarekani walipokwenda kuangalia kwa vyombo vyao wakakuta ni kweli. Ndani ya wiki chache Marekani, Ufaransa, Uingereza na Ujerumani Magharibi zilikuwa zimeikalia Pretoria kooni. Tarehe 23 Agosti Rais Jimmy Carter aliwaambia waandishi wa habari kwamba Afrika Kusini imemhakikishia haitafanya jaribio. Vifaa vikaondolewa, mashimo yakafunikwa. Novemba mwaka huohuo Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 418, la kuzizuia nchi zote kuiuzia Afrika Kusini silaha.

Jambo ambalo nje halikujulikana ni kwamba siku hizo Valindaba haikuwa imezalisha urani ya kutosha bomu hata moja. Jaribio lililopangwa Agosti lilikuwa kavu: kupima mitambo na vyombo, bila mlipuko wa nyuklia. Dunia nzima ilishtushwa na shimo tupu.

Wapo wachambuzi wanaosema shimo hilo tupu ndilo lililowafundisha wakubwa wa Pretoria namna ya kulitumia bomu baadaye, nami nawaunga mkono. Kwa miaka mingi walikuwa wakilalamika kwamba nchi za Magharibi zimewatupa. Sasa wameona kwamba matayarisho tu ya bomu yanamfanya rais wa Marekani aache shughuli zake na kuwashughulikia wao.

Mkakati wa hatua tatu

P. W. Botha alichukua uwaziri mkuu mwaka 1978, na chini yake mradi ukahamishiwa Armscor, shirika la serikali la silaha. Ndipo ulipopitishwa mkakati ambao ni kiini cha kisa hiki, na unastahili kusomwa taratibu.

Hatua ya kwanza ilikuwa kunyamaza: usikubali kwamba unalo bomu, wala usikane. Nchi ikitishiwa hasa na majeshi ya nje, hatua ya pili ni kuzinong’oneza serikali fulani za Magharibi, Marekani kwanza, kwamba bomu lipo. Wasipoitikia, hatua ya tatu ni kulionyesha, ama kwa tangazo la hadharani au kwa kulilipua chini ya ardhi. Hatua ya nne, ya kumpiga mtu nalo, haikuwemo katika mkakati huo.

Kiwanda cha kuundia kilifunguliwa mwaka 1981 ndani ya eneo la kujaribia magari ya jeshi, nje ya Pretoria. Mpita njia alisikia ngurumo za malori tu. Kila bomu lilitumia kilo 55 hivi za urani iliyorutubishwa kwa kiwango cha juu, na lilikuwa la aina sahili kuliko zote, ile iliyotumika Hiroshima, ambayo waundaji waliiamini bila kuilipua kwanza. Lilikuwa la kubebwa na ndege. Ghalani kila bomu lilikaa nusu mbili, kila nusu kwenye chumba chake cha chuma, na taratibu ziliwekwa ili mtu mmoja, hata mkubwa kiasi gani, asiweze kuzikutanisha nusu hizo kwa amri yake peke yake. Kufikia mwisho wa muongo kulikuwa na mabomu sita kamili, na la saba likiwa nusu njia.

Kwa gharama, mradi haukuwa mkubwa. Takwimu za serikali yenyewe ziliutaja kuwa chini ya randi milioni 800 kwa muda wake wote, kiasi ambacho jeshi lililokuwa likipigana Angola na Namibia lingekipoteza bila kelele nyingi.

Kilichobadilika

Mwaka 1987 na 1988 vita vya kusini mwa Angola vilifika kileleni karibu na Cuito Cuanavale, na Cuba ikawa na wanajeshi wapatao 50,000 nchini humo. Hapo ndipo Armscor iliporudi Vastrap, ikajenga banda juu ya shimo moja na kulikagua kama bado linafaa. Banda linaficha shimo, lakini gari na watu wanaokwenda na kurudi jangwani hawafichiki, na kwa mantiki ya mkakati kuonekana hakukuwa hasara.

Kisha hali ikageuka haraka. Desemba 1988 Angola, Cuba na Afrika Kusini zilisaini makubaliano mjini New York: Wacuba waondoke Angola, Namibia ipate uhuru wake. Novemba 1989 ukuta wa Berlin ukaanguka. Namibia ikapandisha bendera tarehe 21 Machi 1990. Adui ambaye bomu lilitengenezewa alikuwa anafunga mizigo.

F. W. de Klerk alikuwa ameapishwa kuwa rais Septemba 1989, na mambo ya nyuklia hayakuwa mageni kwake, kwani aliwahi kuwa waziri wa madini na nishati. Miezi michache baada ya kuingia madarakani aliunda kamati ya wataalamu wa nishati ya atomiki, Armscor na jeshi, akaipa kazi moja: itayarishe njia ya kuvunja kila kitu na kuiingiza nchi kwenye Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia.

Kuvunja: maamuzi na sababu zake

Kiwanda cha kurutubisha urani kilifungwa tarehe 1 Februari 1990. Kesho yake de Klerk alisimama bungeni na kuruhusu ANC irudi kufanya siasa, na siku tisa baadaye Nelson Mandela akatoka gerezani. Tarehe 26 Februari rais alitoa amri ya maandishi ya kuvunja mabomu. Sauti ya mambo yale mawili ilimeza kabisa ukimya wa haya mengine.

Uamuzi wa kwanza wa kamati ulikuwa kuyavunja moja baada ya lingine, si kuyafungua yote kwa mpigo. Sababu ilikuwa ya kihasibu. Ukiyafungua yote pamoja, vipande vinachanganyika na hesabu inapotea. Na kwa wiki kadhaa unakuwa na urani ya mabomu sita mezani, hali ambayo mlinzi yeyote hawezi kuipenda. Kazi ilianza katikati ya 1990. Urani ya kila bomu iliyeyushwa, ikapimwa, ikarudishwa Pelindaba chini ya ulinzi. Sehemu nyingine za mabomu ziliharibiwa.

Pili, alitafutwa mtu wa nje awe msimamizi. Profesa mmoja mstaafu wa fizikia, asiye na uhusiano na mradi, aliteuliwa kukagua kila hatua na kumpa taarifa rais moja kwa moja. Waliokuwa wakivunja ni walewale waliounda, na mzazi hapewi kusahihisha mtihani wa mwanawe.

Uamuzi wa tatu ndio unaobishaniwa mpaka leo. Michoro na nyaraka za kiufundi za mabomu ziliharibiwa kwa maelfu. Hoja ilikuwa kwamba karatasi hizo ni hatari kuliko chuma: anayezipata anaokoa miaka mingi ya kazi. Hoja ni nzuri. Lakini karatasi hizohizo ndizo ushahidi ambao mkaguzi angeutumia kujua kama walivunja yote waliyoyaunda.

Tarehe 10 Julai 1991 Afrika Kusini ilijiunga na Mkataba. Kufikia Septemba urani yote ya mabomu ilikuwa imesharudishwa Pelindaba, na tarehe 16 mwezi huo nchi ikasaini makubaliano ya ukaguzi na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, lenye makao yake Vienna. Wakaguzi wakafika, wakaonyeshwa urani na vinu. Habari ya mabomu hawakuambiwa. Kisheria serikali haikuwa na kosa: Mkataba unaidai nchi inayojiunga itangaze urani iliyo nayo siku ile, haiulizi jana ilikuwa na umbo gani. Nchi ilijiunga kama nchi isiyo na silaha za nyuklia, na kwa siku hiyo ilikuwa kweli.

Machi 1993

Ukimya ule ulidumu chini ya miaka miwili. Wakaguzi walikuwa wanaona urani ya kiwango cha bomu, nyingi, bila maelezo ya kuridhisha. Magazeti yaliandika, Marekani ikauliza, na ANC, iliyokuwa mezani ikijadili katiba, ilitaka kujua itarithi nini. Tarehe 24 Machi 1993 de Klerk aliliambia Bunge kwamba nchi ilikusudia kuwa na mabomu saba, iliunda sita, na yote yamevunjwa. Alisema pia kwamba Afrika Kusini haikuwahi kufanya jaribio la mlipuko wa nyuklia. Mwako uliofanana na wa mlipuko wa nyuklia, ulionaswa na setilaiti ya Marekani juu ya bahari ya kusini tarehe 22 Septemba 1979 umeendelea kuzua mabishano ya wataalamu hata baada ya kauli hiyo.

Pamoja na tangazo aliifungulia IAEA milango: njooni mahali popote, ulizeni mtu yeyote. Wakaguzi wakaenda kwenye kiwanda cha mabomu, wakawahoji walioyaunda, na katikati ya mwaka huo wakashuhudia mashimo ya Vastrap yakiharibiwa na kuzibwa.

Hesabu ya urani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wanaosimulia kisa hiki huruka kipande hiki, nacho ndicho chenye mafunzo mengi.

Mtu akikuambia alikuwa na mabomu sita na amevunja sita, swali ni moja: utajuaje hayakuwa saba, au manane? Bomu lililofichwa halina harufu. Njia pekee ni kurudi nyuma, mpaka kwenye urani: kiwanda kilizalisha kiasi gani toka siku ya kwanza, na kiasi hicho kiko wapi sasa? Jibu likipungua kwa kilo 55, kuna bomu lisiloelezwa.

Nyaraka za mabomu zilikuwa majivu, lakini madaftari ya uendeshaji wa kiwanda cha Valindaba yalikuwepo. Waendesha mitambo waliandika zamu kwa zamu: mashine zipi zimewashwa, zipi zimekwama, nini kimeingia, nini kimetoka, kwa muda wote kiwanda kilipofanya kazi. Walioandika hawakuwa wakimwandikia mkaguzi wa Vienna, walikuwa wakimwandikia mwenzao wa zamu ijayo. Wakaguzi waliyapitia madaftari hayo, wakapiga hesabu ya kile ambacho kiwanda kingeweza kuzalisha, na mara ya kwanza hesabu haikukaa sawa na urani iliyotangazwa. Ilibidi warudi, wapime mabaki, waulize upya, mpaka tofauti ikapata maelezo. Shirika likatamka kwamba halikuona sababu ya kudhani orodha iliyotolewa ina upungufu.

Kuyavunja mabomu kulichukua kama mwaka mmoja. IAEA ilifikia hitimisho lake pana, kwamba vitu vyote vya nyuklia nchini humo viko kwenye shughuli za amani, mwaka 2010.

Uchambuzi: bomu lilimlenga nani?

Ukiusoma mkakati wa hatua tatu, msomaji wake hayuko Luanda, Maputo wala Dar es Salaam. Yuko Washington. Bomu lilitengenezwa ili kumtisha rafiki kwamba asiposaidia, nchi itafanya jambo ambalo yeye hapendi lifanyike. Ni silaha ya kumshika mkono mkubwa, na kama ilivyo kwa silaha za aina hiyo, nguvu yake yote iko kwenye moyo wa anayetishiwa: angeweza kuja kusaidia, angeweza pia kuongeza vikwazo, kama alivyofanya 1977.

Kwa adui wa kweli wa utawala ule, bomu halikuwa na kazi. Lingepigwa wapi? Soweto iko ndani ya Johannesburg. Wagoma wa viwandani, wanafunzi, mama waliosusia maduka, wapiganaji waliovuka mpaka usiku wawili wawili, hawa hawatishiki kwa kitu ambacho mwenye nacho hawezi kukilipua bila kujilipua. Mfano uliokamilika ni ule wa Koeberg, kituo cha umeme wa nyuklia karibu na Cape Town. Desemba 1982, wakati mabomu ya siri yanaundwa Pretoria, mtu aliyekuwa akifanya kazi ndani ya kituo aliingiza mabomu manne ya kutega kwa niaba ya Umkhonto we Sizwe, tawi la kijeshi la ANC, yakalipuka kabla kinu hakijawekewa fueli. Hakuna aliyekufa. Nchi yenye silaha kali kuliko zote kusini mwa Sahara haikuweza kulinda geti la kituo chake chenyewe dhidi ya mwajiriwa mmoja.

Je, bomu ndilo lililowafanya Wacuba wasivuke kuingia Namibia mwaka 1988? Wapo maafisa wa zamani waliopenda kuamini hivyo. Mimi siioni hoja. Mazungumzo yalishaanza, Moscow ilikuwa inapunguza mizigo yake duniani, na pande zote mbili zilikuwa zimechoka. Ili kitisho kifanye kazi lazima anayetishiwa akijue na akiamini. Hapa kilikuwa kimefichwa makusudi.

Kilichofanya kazi

Mpangilio wa hatua ulikuwa wa busara: funga chanzo cha urani kwanza, vunja, kisha saini, kisha karibisha wakaguzi. Kila hatua ilifanya kurudi nyuma kuwe kugumu zaidi, na hakuna hatua iliyotegemea nia njema ya atakayekuja baadaye. Msimamizi wa nje alikuwa uamuzi mzuri. Madaftari ya Valindaba yalikuwa bahati nzuri, na nchi yoyote inayofikiria njia hii isiitegemee bahati.

Kuhusu nia, wapo wanaosema kwa ukali kwamba makaburu hawakuacha bomu kwa kupenda amani: waliogopa kuliacha mikononi mwa serikali ya Waafrika. De Klerk alilikana hilo. Tarehe zenyewe, amri ya kuvunja ikija wiki mbili baada ya Mandela kuachiwa, zinafanya iwe vigumu kumwamini moja kwa moja. Lakini sababu ya pili haihitaji ile ya kwanza iwe uongo: vita vya Angola vilikwisha kweli, na nchi ilitaka kurudi sokoni na kwenye vikao vya dunia. Mtu anaweza kuuza bunduki kwa sababu jambazi amehama, na pia kwa sababu hamwamini mpangaji mpya.

ANC yenyewe haikulililia. Serikali ya Mandela iliurithi uamuzi na kuufanya mtaji wa kidiplomasia. Mwaka 1995 Afrika Kusini ilikuwa nguzo ya makubaliano ya kuuongeza Mkataba bila kikomo, na Septemba 1998 Mandela aliuliza mbele ya Umoja wa Mataifa wenye silaha hizi wanazihitajia nini hasa. Nyumbani Afrika, azma iliyotangazwa na OAU mjini Cairo mwaka 1964, miaka minne baada ya Ufaransa kulipua bomu lake la kwanza Sahara, hatimaye ikawezekana. Mkataba wa Pelindaba, wa kulifanya bara lisiwe na silaha za nyuklia, ulifunguliwa kusainiwa Cairo Aprili 1996 na ukaanza kutumika tarehe 15 Julai 2009, Burundi ilipotimiza idadi ya nchi 28 zilizotakiwa kuuridhia.

“Gaddafi angekuwa nalo…”

Kila kisa hiki kinapotajwa barazani, kuna atakayesema: Gaddafi aliacha bomu, akauawa; Korea Kaskazini haikuacha, iko. Hoja ina uzito na haifai kupuuzwa. Ila Libya haikuwa na bomu la kuacha. Desemba 2003 ilichoacha ni mashine za kurutubisha urani ambazo nyingi zilikuwa bado kwenye masanduku. Tofauti nyingine ni kubwa zaidi. Afrika Kusini iliacha baada ya sababu ya bomu kuondoka, na haikumwomba mtu ahadi ya kulindwa. Libya, na Ukraine mwaka 1994, ziliachia kwa kubadilishana na maneno ya wakubwa. Anayetaka kuiga mfano wa Pretoria aanze kwa kuuliza kama Wacuba wake wameshaondoka.

Kilichoshindikana

Vitu vilivunjwa, watu hawavunjwi. Waliokuwa na ujuzi walirudi mtaani bila mpango wa maana wa kuwatunza, na baadhi ya walioachishwa kazi walifikia kutishia kutoa siri ili walipwe kiinua mgongo kikubwa zaidi. Mwaka 2004 polisi walikamata kwenye karakana moja ya uhandisi mkoani Gauteng makontena 11 ya mitambo ya urutubishaji iliyotengenezwa kwa ajili ya Libya kupitia mtandao wa magendo ulioanzia Pakistan.

Kibaya zaidi, mradi wa pili haukuguswa na utaratibu ule wa Pelindaba. Kuanzia 1981 jeshi liliendesha mradi wa silaha za kemikali na vimelea, uliojificha nyuma ya kampuni za kawaida na kuongozwa na daktari wa moyo aliyekuwa mwanajeshi, ilhali nchi ilikuwa mwanachama wa mkataba unaopiga marufuku silaha za vimelea tangu 1975. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipousikiliza mwaka 1998, ilionyeshwa orodha ya bidhaa za maabara moja: sigara zenye vimelea vya kimeta, chokoleti yenye sumu ya botulini, sukari yenye salmonela. Hizi hazikuwa za kutisha rafiki wa mbali. Zilikuwa za kumuua mtu mmoja mmoja, jirani. Mradi huu ulifungwa bila mkaguzi wa nje. Shehena za dawa zilisemwa zimemwagwa baharini, na nyaraka zilizodaiwa kuharibiwa zilikutwa mwaka 1997 ndani ya masanduku, nyumbani kwa rafiki wa yule daktari. Alishtakiwa kwa makosa mengi, akaachiwa huru mwaka 2002.

Serikali ileile, rais yuleyule, miaka ileile. Penye msimamizi wa nje, madaftari na mkataba wenye wakaguzi, kazi ilikamilika. Penye mkataba usio na wakaguzi, ambao hadi leo hauna, ilibaki kauli ya daktari.

Na urani? Ile ya mabomu haikuondoka nchini. Sehemu yake imekuwa ikitumika SAFARI-1 kuzalisha dawa za mionzi za hospitali, lakini mwaka 2009 kinu hicho kilikamilisha kuhamia urani ya kiwango cha chini, na kilichobaki cha ile ya zamani, ambacho wataalamu hukikadiria kuwa zaidi ya kilo 200, kipo Pelindaba chini ya ukaguzi wa IAEA. Usiku mmoja wa Novemba 2007 watu wenye silaha walizima umeme wa uzio wa Pelindaba, wakaingia mpaka chumba cha udhibiti wa dharura, wakampiga risasi mfanyakazi mmoja, wakatoka walikopitia. Tangu hapo Marekani imeiomba Afrika Kusini zaidi ya mara moja iikabidhi urani hiyo au iichanganye ili isifae kwa bomu. Pretoria imekataa: urani ni yake, Mkataba unamruhusu kuwa nayo kwa matumizi ya amani, na anayeomba bado ana maelfu ya vichwa vya nyuklia ghalani kwake.